Tuambiwe kiasi cha kula, tusiambiwe tu ‘acha chipsi’

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kurasa za afya za magazeti yetu hulirudia mara kwa mara, lakini karibu kila mara kwa namna ileile: kwamba mtu mnene anayetaka kupungua sharti aache chipsi, aache soda, aache maandazi, aache mafuta, na kwamba asiyeweza kuviacha vyote hivyo basi hajaamua. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma Mjini, na nina umri wa miaka 44. Katika miezi 11 iliyopita nimepungua kutoka kilo 86 hadi kilo 74, na katika miezi hiyo yote sikupitisha wiki bila kula chipsi mayai, tena wiki nyingi nilikula mara mbili au tatu. Sikunywa dawa wala sikushinda njaa. Nilihesabu kalori. Nimeamua kuandika kwa sababu elimu ya hesabu hiyo niliiokota kipande kwa kipande, huku na huko, ilhali ipo siku nyingi na ingeweza kutufikia sisi wasomaji wa kawaida kwa Kiswahili chetu.

Nianze na daftari langu la vipimo, ambalo nilianza kuliandika mwaka 2013. Kila mteja ninayemshonea gauni au sketi ninampima kifua, kiuno na nyonga, naandika na tarehe, na wengi wao wamenirudia mwaka hadi mwaka. Nikifunua kurasa za mwanzo nikalinganisha na za sasa, ninaona miili ya mtaa wetu ikibadilika kwa namna ambayo macho ya kila siku hayaioni. Yupo mteja niliyemwandikia kiuno cha inchi 29 alipokuja mara ya kwanza, na mwaka huu futi imesoma 37. Wapo ndugu wawili wa nyumba moja ambao magauni yao nimeyatanua mara tatu mpaka akiba ya kitambaa ikaisha. Wataalamu wa afya wanasema kwamba mwanamke ambaye kiuno chake kimepita sentimita 88, yaani karibu inchi 35, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Waliopita kipimo hicho katika daftari langu ni wengi kiasi kwamba siku hizi nikikata kitambaa cha sare ya harusi ninaacha akiba ya inchi mbili kila upande bila kusubiri kuombwa. Wala si Mwanga peke yake, kwani utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake kama 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, ule ambao wataalamu wetu huuita kiribatumbo. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo la pili. Urefu wangu ni sentimita 160, na kwa kilo 86 uwiano wangu wa uzito na urefu ulikuwa umepita 33, ilhali kiribatumbo huanza kuhesabiwa 30.

Nilipokwenda katika kituo kimoja cha afya kwa ajili ya maumivu ya magoti, nilishauriwa nipungue. Ushauri ule ulikuwa sahihi na ninaushukuru. Lakini nilipouliza nile nini, nilijibiwa niache mafuta, niache wanga na niache chipsi kabisa. Na nilipouliza basi nile kiasi gani, jibu lilikuwa neno moja: kidogo. Nilirudi nyumbani na neno hilo nikajaribu kuliishi kwa majuma matatu. Kidogo ni kipi kwa mtu aliyelelewa katika sinia moja na ndugu saba, ambako mwenye kusitasita alibaki na mchuzi? Nilikuwa naacha kula mchana, jioni natetemeka, halafu usiku ninakula chochote kilicho karibu na kulala nikijilaumu. Baada ya hapo nikanunua majani ya chai ya kupunguza mwili kwa shilingi 35,000 kutoka kwa mchuuzi aliyepita dukani. Niliendesha siku nne, nikapungua kilo mbili, na kilo hizo mbili zikarudi kabla wiki haijaisha kwa sababu yalikuwa maji ya mwili wangu tu.

Naomba nieleze pia kwa nini chipsi, maana wanaotuandikia huona kama ni ulafi. Kazi ya cherehani ina misimu. Inapokaribia Idi, na tena mwezi Desemba harusi zinapofuatana, ninafunga duka saa tatu usiku, na pengine saa nne. Kibanda cha chipsi kiko ng’ambo ya barabara, hatua kama 20 kutoka mlangoni kwangu. Nyumbani mkaa umeshazimika, na watoto wamekwisha kula na kulala. Anayeniambia niache chipsi ananiambia vilevile niwashe jiko saa tatu usiku baada ya kukaa kwenye mashine saa 12, nami nguvu hizo sina. Vivyo hivyo dereva wa bajaji, mlinzi, muuguzi wa zamu na kijana anayepakua mizigo kutoka melini. Chakula cha haraka kimeshika nafasi katika maisha yetu kwa sababu ya saa za kazi zetu, na ushauri usiozitazama saa hizo haukai siku tatu.

Aliyenifungulia njia ni mwanangu wa kwanza, aliye chuoni. Aliniambia, “Mama, wewe kila siku unapima nguo za watu. Pima na chakula.” Akanieleza kwamba kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama inchi zilivyo kipimo cha kitambaa, kwamba gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9, na gramu moja ya kilevi ina 7. Vipimo hivi si uzushi wa mtandaoni. Msingi wake uliwekwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanasayansi wa Marekani aitwaye Wilbur Atwater, na hadi leo ndivyo vinavyotumika duniani kukadiria nguvu ya vyakula. Kalori zinazoingia zikizidi zile ambazo mwili unazitumia, mwili huweka akiba ya mafuta. Zikipungua, mwili hula akiba yake. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700.

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, na jambo la kwanza nililolipima lilikuwa chipsi mayai. Jumapili moja nilimenya viazi, nikakata gramu 300, ambazo kwa macho yangu zinatosha sahani moja ya kibandani. Nikaweka sufuria yenye mafuta juu ya mizani kabla ya kukaanga, nikaandika uzito wake. Nilipoopoa chipsi nikaacha mafuta yapoe, nikapima tena. Gramu 28 zilikuwa hazipo, zimenyonywa na viazi. Mara 9, hizo ni kalori 252. Viazi vyenyewe kabla ya kukaangwa vilikuwa na kama 230, kwa hiyo mafuta peke yake yalizidi viazi vyote. Mayai mawili ni kama 140. Ya mwisho ni yale mafuta ambayo kijana huyamimina kwenye kikaangio kabla ya kumwaga mayai juu ya chipsi, vijiko viwili au vitatu, ambayo mengi hubaki ndani ya zege yenyewe, kama tunavyoiita chipsi mayai. Nikayakadiria kalori 200. Jumla ikawa zaidi kidogo ya 800. Nikaongeza soda niliyoizoea, chupa ya mililita 350, yenye sukari kama gramu 37, yaani kalori karibu 150, na nilikuwa nanywa mbili kwa siku. Niliziandika namba hizo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo nikazitazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nilijua ninakula nini, na kwa mara ya kwanza hofu ilinitoka, kwa sababu kalori 800 unaweza kuzipangia nafasi katika siku.

Kwa umri, urefu na uzito niliokuwa nao, mwili wangu ulihitaji takriban kalori 2,000 kwa siku ili ubaki palepale. Nikajiwekea 1,650. Siku ya chipsi mayai nilikuwa nakula hivi: asubuhi chai ya maziwa yenye kijiko kimoja cha sukari na gramu 200 za viazi vitamu vya kuchemsha, jumla kama kalori 240; mchana ugali wa gramu 300, dagaa kiasi cha kiganja, mchicha, na kijiko kimoja cha mawese, jumla kama 575; usiku chipsi mayai na kachumbari nyingi, kwa maji. Hizo ni kama 1,630. Siku isiyo ya chipsi nilikula samaki na wali au ugali kwa kiasi hichohicho cha jumla. Soda nilizipunguza kutoka mbili kwa siku hadi moja ya Jumapili, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kusema kwamba niliacha. Niliona ni heri nitafune chipsi kuliko kunywa kalori ambazo hata tumbo halizisikii.

Kuhusu mawese nina neno la pekee, kwa sababu sisi wa Kigoma tumekua nayo na tunayapenda, nami naendelea kuyapenda. Wengi wetu tunaamini kwamba kinachonenepesha ni mafuta ya dukani, na kwamba mawese, kwa kuwa yametoka kwenye michikichi yetu wenyewe, hayana neno. Mawese mekundu yana faida yake, hasa kile kiini chake chekundu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Lakini gramu yake moja ina kalori 9 sawasawa na ya mafuta mengine yoyote, na karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina iliyo nzito kwa moyo. Nilipopima upawa ambao nimeutumia miaka yote kumiminia mawese kwenye sufuria ya migebuka, ulibeba gramu 58. Hizo ni kalori zaidi ya 520, nami nilikuwa namimina upawa mzima kwa mboga ya watu wanne, na siku ya wageni napawa mara mbili. Kwa hiyo sehemu ya unene wangu ilikuwa imetoka jikoni kwangu mwenyewe, katika chakula ambacho kila mtu, pamoja na mshauri wangu wa kituo cha afya, angekiita cha asili. Hili ndilo ambalo orodha ya makatazo haiwezi kulionyesha: ingenikataza chipsi za mara mbili kwa wiki na kuniacha na upawa wa kila siku.

Wapo watakaosema kwamba hadithi ya mtu mmoja wa Mwanga si ushahidi, na wana haki. Mwaka 2010 profesa wa lishe wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, Mark Haub, alijaribu jambo hili katika mwili wake mwenyewe. Kwa majuma 10 sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa keki ndogo za viwandani zenye krimu na vitu vitamu vya namna hiyo, akaongeza mboga kidogo, kinywaji cha protini na vidonge vya vitamini, lakini hakuvuka kalori 1,800 kwa siku. Alipungua kilo 12, na lehemu mbaya (kolesteroli) katika damu yake ikashuka. Yeye mwenyewe hakumshauri mtu ale hivyo, wala mimi simshauri mtu, ila jaribio lake linaonyesha kwamba uzito unafuata hesabu ya jumla hata pale chakula chenyewe kinapokuwa duni.

Hata hivyo ni lazima niseme upande wa pili kwa uzito uleule, kwani nisingependa msomaji akimbilie kibandani akiwa na barua hii mkononi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwaweka watu 20 ndani ya kituo chao kwa majuma manne. Majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na mawili vyakula visivyosindikwa hivyo, wakaachwa wale mpaka watosheke. Walipokuwa kwenye vyakula vya kiwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka uzito karibu kilo moja kwa majuma mawili, bila kuambiwa wale zaidi. Chipsi za kibanda chetu zimekatwa asubuhi kwenye ndoo na hazijatoka kiwandani, lakini jambo moja linafanana: ni laini, zina chumvi na mafuta, zinashuka upesi, na mkono unarudi sahanini kabla tumbo halijasema limetosha. Ndiyo maana kula chipsi bila kuhesabu kulininenepesha, na ndiyo maana naamini anayetaka kuendelea nazo hana budi kuhesabu. Ugali na dagaa wenye mboga nyingi husamehe kosa la makadirio. Chipsi hazisamehi.

Na kuhesabu maana yake ni kuandika, si kukumbuka. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walilifuatilia kundi dogo la watu walioamini kwamba miili yao inakataa kupungua ingawa wanakula kidogo sana. Ilipopimwa kwa njia ya maabara, ilionekana kwamba walikuwa wanasahau karibu nusu ya chakula walichokila, na kujihesabia mazoezi kupita waliyoyafanya. Nilipolisoma hilo nilikumbuka bagia ninazoonja kwa jirani, kipande cha andazi ambacho mtoto amekibakiza, karanga za mteja anayesubiri nguo yake. Kila kimoja ni kidogo, lakini vyote pamoja, siku nilipoviandika kwa uaminifu, vilifika kalori 400. Siku hizo ndizo zilizonifundisha kuliko siku nilizokula vizuri. Upande wa mazoezi nao nilijidanganya kwa miaka. Kutembea kwa haraka nusu saa kwa mtu wa uzito wangu kunatumia kama kalori 130, ambazo hazifuti hata soda moja. Ninatembea kila asubuhi kuelekea Gungu na kurudi kwa sababu magoti yamelegea na usingizi umekuwa mzuri, lakini sahani ya chipsi huwezi kuitembeza ikaisha.

Msomaji mwenye mahesabu atakuwa ameona kwamba kalori 350 zilizopungua kila siku kwa miezi 11 zingenipa kilo 15, si 12. Ni kweli. Mwili uliopungua unahitaji chakula kichache kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo pengo linazidi kuwa jembamba kadiri unavyoendelea. Na mimi pia nilikuwa na siku za harusi na za Idi ambazo sikuandika chochote, nikala pilau pamoja na wenzangu. Hata sasa uwiano wangu ni karibu 29, bado uko juu ya kipimo kizuri, ila nimetoka katika kiribatumbo na ngazi za soko ninazipanda bila kushika ukuta.

Kuna mambo ambayo kalori haiyasemi kabisa, na ninaomba yasipotee. Chumvi haina kalori hata moja, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na chipsi zinazonyunyiziwa mara mbili na kumiminiwa tomato sosi zinakula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi mpaka yakawa meusi kama oili ya gari yana kalori zilezile za mafuta mapya, lakini si salama sawa. Mwenye shinikizo la damu asifarijike kwa namba ya kalori peke yake. Na wapo watu ambao hesabu hii si yao bila mtaalamu kuwaongoza: mama mjamzito na anayenyonyesha, mtoto anayekua, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari, ambaye akipunguza chakula ghafla anaweza kuzimia, na msichana ambaye tayari anauogopa mwili wake. Hao wa mwisho ninawaona dukani wakiniomba nibane gauni kupita pumzi zao, nami sitapenda wajifunze kuhesabu kwa sababu ya hofu.

Kuhusu jamii nitasema kile kilichonipata. Nilipofika kilo 78 watu walianza kuniangalia kwa namna nyingine. Mteja wangu mmoja wa miaka mingi, bibi wa Ujiji, alikuja kuchukua dera lake, akanishika mkono wa kushoto akaupapasa kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, umekwenda kupima?” Nilijua anauliza upimaji gani. Mume wangu naye alisimamishwa na jirani akaulizwa kama nyumbani kuna amani, na akaambiwa kwa nia njema kabisa amlishe mkewe. Kwetu unene ni shahidi wa kutunzwa, na mke anayekonda ni aibu ya mume kabla hajawa habari ya mke. Siwalaumu, kwa sababu tumezika wengi waliokonda. Lakini nilikaa na yule bibi kwenye benchi, nikamfungulia ukurasa wa mwisho wa daftari, nikamwonyesha tarehe na kilo, mstari kwa mstari, kama kilo moja ikishuka kila mwezi, bila homa wala kikohozi. Aliutazama kwa makini ingawa hakuwa na miwani yake, kisha akasema, “Basi nipime na mimi kiuno.” Tangu siku hiyo huja kila mwisho wa mwezi, hata akiwa hana nguo ya kushona.

Kijana wa chipsi naye amebadilika, na hilo nililifurahia zaidi kwa sababu sikuwa nimelitegemea. Nilimweleza habari ya gramu 28, akaniuliza kama kweli mafuta yanaingia kwenye viazi kiasi hicho, maana mafuta ndiyo gharama yake kubwa. Sasa anayaacha mafuta yapate moto vizuri kabla ya kutia viazi, anaziacha chipsi zichuruzike kwenye chujio kwa muda, na kwenye kikaangio cha mayai anatumia kijiko kimoja badala ya kumimina kwa chupa. Kwa makadirio yangu sahani imepungua kalori 100 au zaidi, ladha haikuharibika, na dumu la mafuta linamchukua siku nyingi kuliko zamani. Hakuna aliyemkataza biashara yake.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walitoa majedwali yanayoonyesha kalori na virutubisho vya vyakula vya Tanzania, vikiwamo vile tunavyovipika kila siku. Kazi kubwa hiyo ilikwisha kufanyika. Lakini majedwali hayo yameandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya watafiti, na fundi cherehani, mama lishe au dereva wa bajaji hana namna ya kukutana nayo. Ninaliomba gazeti lako liwatafute wataalamu wetu wa lishe, litenge kisanduku kidogo katika ukurasa wa afya, na kila wiki lichapishe chakula kimoja kwa vipimo vya jikoni kwetu: chapati moja, vitumbua vitatu, ugali wa ngumi moja, upawa wa maharage, kijiko cha mawese, dagaa wa kiganja, sahani ya chipsi kavu, sahani ya chipsi mayai. Waandike kiko na kalori ngapi na kwa nini. Wafafanue pia kwamba pakiti nyingi za viwandani huandika nguvu ya chakula kwa kilojuli, ambazo unazigawa kwa 4.2 ili kupata kalori, kwani mimi nilikaa mwezi mzima nikidhani biskuti za watoto zina kalori mara nne ya zilizomo.

Huko England, sehemu mojawapo ya Uingereza, tangu mwaka 2022 kampuni za migahawa zenye wafanyakazi 250 au zaidi zinalazimika kuandika kalori kwenye orodha ya vyakula. Siombi sheria ya namna hiyo kwa kibanda chenye jiko moja na benchi mbili, kwani ingewaumiza wanyonge bila faida. Naomba taarifa tu. Naomba pia wahudumu wetu wa afya, ambao najua wana foleni ndefu, wamwambie mgonjwa kiasi badala ya kumwambia kidogo, hata kama ni kwa kumwonyesha ngumi yake mwenyewe na kusema ugali usizidi hapa.

Wakati nikisubiri, nimeandika jedwali langu la vyakula 14 kwa kalamu ya wino mzito, nikalibandika ukutani pembeni ya kioo cha kujaribia nguo. Wateja hulisoma wakiwa wamesimama na futi kiunoni, na maswali wanayoniuliza yameshanizidi elimu. Nitalituma kwako kwa posta ukilihitaji, ili mtaalamu alipitie na kulisahihisha kabla halijanakiliwa na wengine, maana tayari wawili wamelipiga picha kwa simu.

Msomaji wako,
Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma.